Karatasi ya Pili

Tabata, Dar es Salaam
9 Machi 2025

Mama Lucy,

Leo ni miezi minne na siku nane tangu nilipoondoka Dutwa. Nakusalimu, mwangaluka. Mimi mzima. Mgongo unauma, lakini huo nilikuja nao.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yako imekufa, na simu iliyobaki hapo bomani ni ya kaka Bundala. Yule ni mtoto wa baba yangu lakini si mtoto wa mama yangu, na tofauti yake unaijua. Nikipiga kwake anaweka sauti kubwa, boma zima linanisikiliza pamoja na mbuzi. Barua nampa Sayi, tingo wa basi la Bariadi. Ataiacha dukani kwa Generoza hapo Dutwa. Ukiichukua, iangalie vizuri bahasha kabla ya kuifungua.

Nimeacha kubeba zege. Sasa nafagia na kupiga deki kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Timu inaitwa Radi. Vijana ni warefu mpaka ukiongea nao shingo inachoka, na wanalipwa mshahara kwa kucheza tu. Ila hawajui kushinda. Msimu uliopita walicheza mechi kumi na nane wakashinda mbili. Msimu huu wamecheza tano, wamepigwa zote tano. Tajiri mwenye timu amesema wakiendelea hivyo anafunga ukumbi, na mfagiaji naye arudi alikotoka.

Humu ndani kila mtu anamshuku mwenzake. Wanasema kuna mmoja anauza mechi. Nahodha wao, Marcelo, anamwangalia kocha Januarius kama anayemwangalia mwizi wa mbuzi. Kocha anamwangalia Marcelo vilevile. Wakikaa kula, kila mtu anageuza sahani yake upande wa ukuta.

Mimi naishuku sakafu. Ni ya mbao, na aliyekuwa hapa kabla yangu aliipiga deki kwa sabuni nyingi bila kuisuuza. Ukipitisha kidole kinateleza. Nimewaangalia hao vijana: wakikaribia kona wanapunguza mwendo kama ng'ombe anayeshuka kwenye tope. Wanaogopa kuanguka na hawajui kwamba wanaogopa. Sijamwambia mtu. Mimi ni mtu wa darasa la tano, nani atanisikiliza?

Mama yangu anaendeleaje na macho? Mwambie asipike kwa mashina ya pamba mabichi, ule moshi ndio unaomuumiza.

Ni mimi mumeo,
Masele Bujiku


Dutwa
23 Machi 2025

Baba Lucy,

Mwangaluka mwangaluka. Barua nimeipata. Bahasha niliiangalia kama ulivyosema. Ilikuwa imefungwa vizuri, ila pembeni kulikuwa na kidole cha mafuta. Sayi anakula chipsi njia nzima, kwa hiyo sijamhukumu mtu.

Huku palizi imekwisha, pamba imeanza kufunga matunda. Lucy ana homa kidogo lakini anacheza. Mama yako, mayu Nyanjige, macho bado mekundu, nimemwambia habari ya mashina mabichi akanijibu, "Mavi ya ng'ombe ya kuwashia moto nitayatoa wapi, na ng'ombe wote ni wa Bundala?" Ndivyo alivyo.

Na kwa Bundala kuna msiba. Ng'ombe wake wawili wamekufa siku moja, lile dume jeupe na ndama. Walianguka wakitoa povu. Asubuhi ya siku hiyo nilimwona analiosha bomba lake la kupulizia pamba sumu ya wadudu palepale kwenye lambo wanakonywea. Nilitaka kumwambia, nikaona si shemeji wa kuambiwa na mwanamke. Sasa anazunguka boma kimya, hasalimii.

Haya, na wewe. Shati unafuliwa na nani huko? Barua yako inanukia sabuni nzuri. Usinijibu kwamba ni ya sakafu.

Wako,
Ng'washi


Tabata, Dar es Salaam
20 Aprili 2025

Mama Lucy,

Sabuni ni ya sakafu. Sina jibu lingine.

Pole kwa homa ya Lucy. Na umwache Bundala na ng'ombe wake, usimwambie ulichokiona. Mtu aliyefiwa na dume anatafuta wa kumlaumu, usijipeleke.

Sasa sikia. Radi imeshinda mechi nne mfululizo. Ya kwanza kwa pointi mbili, watu wakasema bahati. Ya nne kwa pointi ishirini na tisa. Ukumbi uliokuwa na watu thelathini na mbwa mmoja, Jumapili watu walisimama hadi mlangoni. Kocha Januarius anasema ni mazoezi ya kukimbia aliyowapa. Ni kweli anawakimbiza mpaka wanatapika. Lakini mimi nimeitoa ile sabuni.

Nilikumbuka yule mama lishe wa kule kwenye zege. Meza yake ikishika mafuta alikuwa anaifuta kwa maji ya moto na siki. Nikanunua siki, nikaitia kwenye chupa yangu ya maji. Kila siku ya mechi, alfajiri, nafunga milango yote ili mtu asikanyage, navua viatu, napiga deki kutoka kona mpaka kona. Nikichoka naimba zile nyimbo zetu za kulima. Sakafu sasa ukiikanyaga inakushika mguu. Vijana wanakata kona kama swala.

Maliza karatasi hii, geuza kwenye ya pili, kuna la kuchekesha.

(karatasi ya pili)

Walinichungulia dirishani. Wakaona Msukuma, peku, milango imefungwa, anaimba lugha wasiyoijua na kumwaga kitu kutoka kwenye chupa isiyo na jina. Marcelo akanifuata. "Mzee Msukuma, hiyo chupa ni ya nini?" Nikasema ya kazi. "Umeipata wapi?" Nikataka kumtania, nikasema, "Ni ya mama yangu, Dutwa. Mtu akichezea kazi yangu anaanguka."

Hakucheka. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo siendi kuchota maji, wananichotea. Nina kiti changu nyuma ya benchi, na nisipokaa hawaanzi. Sahani ya pilau inaletwa kwangu kwanza. Mke wangu, nimebeba mizigo ya watu tangu nina miaka kumi na nne, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Wanaamini tunashinda kwa dawa ya mama. Nami nimewaacha waamini. Nani anaumia?

Masele Bujiku


Dutwa
11 Mei 2025

Baba Lucy,

Barua yako nimeipata siku nane baada ya Sayi kuileta. Generoza anasema Bundala alipita dukani na baiskeli akaichukua "kumpelekea shemeji". Bahasha ilikuwa imebandikwa upya kwa ugali. Ugali mkavu, mpaka unga ulinidondokea.

Ndani kulikuwa na karatasi moja. Inaishia pale unaposema geuza kwenye ya pili. Ya pili haimo. Uliandika nini?

Mayu Nyanjige hajambo. Amehamia kulala chumbani kwetu, mimi na Lucy na yeye. Paa la nyumba yake limetoboka kidogo.

Tumeanza kuvuna. Niandikie upesi uliandika nini.

Ng'washi


Tabata, Dar es Salaam
25 Mei 2025

Mama Lucy,

Barua yako ni fupi kama ya mtu anayechungwa. Paa la mama ni la bati, nililipiga misumari mwenyewe kabla sijaondoka. Bati halitoboki kidogo kama suruali. Kwa nini mama analala chumbani kwetu? Mmegombana na nani? Na wewe unaniuliza barua yangu ilisema nini, kumbe labda umeisoma, unataka kuona kama nitabadilisha maneno. Samahani, lakini ndivyo nilivyofikiri usiku mmoja, na nimeona niseme kuliko kuficha.

Karatasi ya pili haikuwa na la maana. Utani wa kazini tu.

Tumeingia nusu fainali na tumeshinda. Timu iliyokuwa ya mwisho sasa inacheza fainali, mechi tatu, atakayeshinda mbili ndiye bingwa. Watu wa timu pinzani walikuja kwa mlinzi kuniulizia. Vijana wa kwetu sasa hawanipi nafasi ya kutoka peke yangu, wanasema nitaibwa. Hata chooni ananisindikiza mtu wa mita mbili.

Wamenunua blanketi zuri, wamempa Sayi amletee mama. Sikuwaomba. Nilipowaambia haina haja, Marcelo alisema, "Mzee, usituzuie kumshukuru aliyetutoa shimoni." Ningefanya nini? Mpokelee.

Masele


Dutwa
8 Juni 2025

Masele,

Leo sikuiti baba Lucy. Nimetembea mpaka Bariadi mjini kuipeleka barua hii kwenye basi kwa mkono wangu.

Blanketi limefika. Sayi alilishusha Dutwa siku ya gulio, watu wamejaa wanapima pamba, akapaza sauti: "Mzigo wa bibi Nyanjige! Zawadi ya timu ya Dar! Mwenye dawa aje achukue!" Alikuwa anacheka. Ni mtoto wa mjini, hajui alichokisema. Wanawake waliokuwa na mizani waliweka vitambaa vyao mdomoni. Hakuna aliyekuja kunisaidia kulibeba.

Bundala akapanda juu ya robota la pamba. Akatoa karatasi mfukoni. Akawasomea mpaka neno lako la mwisho, lile la nani anaumia. Niliujua mwandiko wako kwa mbali, jinsi unavyoilaza herufi. "Ni ya mama yangu, Dutwa. Mtu akichezea kazi yangu anaanguka." Halafu akasema, "Dume langu lilianguka. Ndama wangu alianguka. Mimi sisemi kitu, mtoto wake ndiye aliyesema." Nikapaza sauti kwamba karatasi ya kwanza ninayo na inasema ni siki, hakuna aliyenisikiliza.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Paa halikutoboka, lilipigwa mawe. Mara tatu. La tatu lilipita dirishani likavunja chungu karibu na kichwa cha mayu. Sikukuandikia kwa sababu nilijua barua inapitia mikononi mwa nani, nikaogopa akisoma kwamba tunaogopa atazidisha. Unajua huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu akishatajwa uchawi kinachofuata ni nini. Wewe na mimi tumeyaona yaliyompata yule bibi wa Kasoli tukiwa watoto.

Sungusungu wameita mkutano Jumamosi tarehe 28 Juni. Mwenyekiti ni mtu mwema, amesema hakuna atakayemgusa mayu kabla ya hapo. Baada ya hapo hakusema.

Mayu hajui kusoma. Usiku ule hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Masele aliandika hivyo kwa mkono wake?" Nikamwambia sijui. Lile blanketi hajalifunua. Liko mlangoni na kamba zake.

Uliuliza nani anaumia.

Ng'washi


Tabata, Dar es Salaam
17 Juni 2025

Ng'washi,

Barua hii nimempa dereva mwenyewe, si Sayi, na nimemwambia aiweke mikononi mwako, si dukani.

Niliandika hivyo kwa mkono wangu. Mwambie mama. Mwambie sikuwa nimelewa wala sikulazimishwa. Nilifurahia kile kiti.

Barua yako niliisoma Alhamisi mchana. Vijana walikuwa wanavaa kwa mazoezi. Niliingia na ile chupa nikaiweka katikati ya chumba, nikasema, "Hii ni siki. Ile ya kachumbari." Wakacheka kwa heshima, kama unavyomchekea mkwe. Nikamwambia Marcelo aonje. Akarudi nyuma mpaka ukutani. "Mzee, mimi nina watoto." Nikanywa mimi, mafunda matatu, nikakohoa. Ndipo kocha Januarius akachovya kidole akalamba, akasema, "Siki kweli. Ya bei rahisi."

Nikawaeleza habari ya sabuni. Nikawaeleza mama yangu ni nani, kwamba dawa pekee aliyowahi kunipa ni majani ya mwarobaini nilipokuwa na homa, na sasa anapigwa mawe kwa utani wangu. Nikawasomea barua yako yote.

Marcelo akakasirika, lakini si kwa nilivyotarajia. "Kwa hiyo tulikuwa tunashinda bure?" Kocha akamwambia, "Mlikuwa mnashinda kwa miguu yenu, mpumbavu wewe." Marcelo akasema basi nisiiguse sakafu tena, waone. Tajiri naye aliposikia alisema mtu aliyedanganya nyumba nzima hawezi kuachiwa funguo. Kiti kimeondolewa. Nalala stoo mpaka mwisho wa mwezi.

Jumapili ilikuwa mechi ya kwanza ya fainali. Deki alipiga Marcelo mwenyewe, na viatu vyake vikubwa, milango wazi, watu wanaangalia. Mimi nilikaa nje ya geti na mlinzi. Niliwasikia tu. Kelele za furaha na kelele za huzuni ukiwa nje hazitofautiani. Kisha Marcelo akatoka amelowa jasho, akanipita, akarudi. Akasema, "Pointi sita." Nikamuuliza kwa nani. "Kwetu, Mzee." Akaongeza, "Mimi ndiye niliyenunua lile blanketi. Mwambie mama lilikuwa la baridi tu."

Mechi ya pili ni kesho. Ya tatu, kama itakuwepo, ni tarehe 28, siku ya mkutano wenu.

Kesho nitampa Sayi barua nyingine yenye jina lako juu. Ikichelewa usihangaike. Haikuhusu wewe.

Masele


(juu ya bahasha: Ng'washi wa Masele, dukani kwa Generoza, Dutwa)

Tabata, Dar es Salaam
18 Juni 2025

Kaka Bundala,

Shikamoo. Juu nimeandika jina la mke wangu kwa sababu nilijua ni wewe utakayefungua. Pole kwa kazi ya kubandika ugali. Safari hii usibandike, ni yako.

Karatasi ni mbili. Zihesabu.

Sitaanza na matusi, ingawa nilikuwa nayo. Wewe ndiye uliyenifundisha kukamua, na baba alipokufa ulinigawia yule mtamba mwekundu wakati wazee walisema sistahili. Sijasahau. Ndiyo maana nilikushuku kwa kila kitu isipokuwa hili.

Maneno uliyoyasoma juu ya robota ni yangu. Niliyatunga ili vijana wasionijua waniogope kidogo. Mama hana dawa. Unajua hana. Ulipoumwa surua ni yeye aliyekulisha uji na michembe miezi miwili wakati mama yako yuko kwao Kiloleli. Kama angekuwa na kitu cha kukudhuru, angekupa wakati huo, kijiko kilikuwa mkononi mwake.

Leo jioni tumecheza mechi ya pili, tumeshindwa kwa pointi moja. Kwa hiyo ya tatu itachezwa siku ileile ya mkutano. Nilikuwa nimepanga kuleta ushindi kama ushahidi, nisimame niseme mnaona, timu imeshinda na mimi sikugusa sakafu. Halafu nikakufikiria wewe. Wakishindwa, utasema dawa imepanda basi na mwenyewe. Wakishinda, utasema niliiacha ukumbini. Nakujua, kaka. Ningekuwa mimi nimefiwa na dume jeupe, ningesema hivyohivyo. Mtu aliyekwisha kushuku, ushahidi wote unamwendea kama kuku kwenye mtama. Kwa hiyo mpira nimewaachia wenyewe.

(karatasi ya pili)

Asubuhi ile uliosha bomba la pamba kwenye lambo. Mke wangu alikuona. Hajamwambia mtu huko, aliniambia mimi, nami nikamkataza asiseme, nikidhani nakuepusha aibu. Wewe mwenyewe unakumbuka. Nadhani ulikumbuka palepale ng'ombe walipoanza kutoa povu, na ndiyo sababu uliacha kusalimia watu. Halafu ikaja karatasi yangu, ikakupa pa kuuweka huo mzigo.

Wewe uliosha bomba. Mimi nilikaa kwenye kiti. Makosa ni ya sisi wawili, watoto wa baba mmoja, na anayepigwa mawe ni mwanamke mmoja asiyejua hata kusoma kilichoandikwa juu yake.

Sitalisema la lambo mkutanoni kabla hujalisema wewe. Nakupa nafasi ya kwanza kwa kuwa u mkubwa wangu. Mimi nitasimama nikiri langu: karatasi, utani, kiti, pilau, yote. Chupa nakuja nayo. Mwenyekiti ataonja, nawe utaonja, tutakunja uso pamoja. Nikimaliza nitakaa chini nikuangalie. Usipoinuka, nitainuka mara ya pili.

Na kama kuna mtu ameokota jiwe kabla ya hapo, mwambie usiku huu sitakuwepo, lakini nyumba ile ina mwenyewe, na yuko njiani.

Barua hii mpelekee mama, umsomee wewe, zote mbili, kwa sauti ile uliyotumia gulioni. Usiruke pale palipo na jina lako wala pale palipo na langu.

Naondoka hapa Jumanne kwa basi la alfajiri. Jumatano tarehe 25 nitashuka Dutwa, nitapita kwanza kumfungulia mama kamba za blanketi, kisha nitakuja kwako. Unisubiri nyumbani, kaka. Usiende dukani.

Ndugu yako,
Masele Bujiku